Kwa nini maji ndani ya retina huonekana meusi kwenye picha?

Mgonjwa wa kisukari anapoonyeshwa picha ya retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huenda akaona matabaka ya kijivu yaliyolaliana, na katikati yake mashimo meusi. Ni rahisi kudhani jicho limetoboka. Mara nyingi weusi ule ni vifuko vya maji.

Picha hutoka kwenye kipimo cha OCT, kilichotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, wakiwemo David Huang na James Fujimoto. Hufanana na ultrasaundi, ila hutumia mwanga wa infraredi badala ya sauti. Ugumu uko hapa: mwanga hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na retina katikati ina unene wa kama robo tu ya milimita. Saa gani itapima safari fupi hivyo? Basi mashine huugawa mwanga. Sehemu moja huingia jichoni, nyingine hupiga kioo, kisha zikirudi hukutanishwa. Jinsi mawimbi yake yanavyoingiliana ndiyo hufichua kila mwanga uliorudi umetoka kina gani, kwa usahihi wa mikromita chache.

Seli, nyuzi na mipaka ya matabaka hurudisha mwanga kidogo kidogo. Maji maangavu hayana cha kuurudisha, nao hupenya tu. Usikorudi mwanga, mashine huchora weusi. Vidoa vyeupe vinavyong'aa karibu na vifuko huwa mara nyingi ni mafuta na protini zilizovuja pamoja na maji hayo.

Chanzo cha maji hayo ni mishipa midogo ya damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta zake hudhoofika. Retina nayo ikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huzidi kuzilegeza. Maji yakifika makula, kitovu cha kuona, hujikusanya baina ya nyuzi zilizotandaa kama miali ya jua. Ndiyo maana, mgonjwa akichomwa rangi ya fluoresini mkononi na kupigwa picha, vifuko hivyo hujipanga kama petali za ua. Kwangu hili linastaajabisha: ugonjwa unafuata ramani ya jicho lenyewe.

Vifuko hivi haviumi, na vikiwa mbali na kitovu mtu anaweza kuendelea kusoma vizuri. Kwa hiyo daktari hategemei malalamiko. Baada ya sindano za kuzuia VEGF hupiga picha tena mahali palepale, akatazama kama weusi umepungua na retina imerudia unene wake.