Michezo isiyo na mshindi kwa watoto wadogo: maswali ya wazazi wa Mwanza

Mzazi akisikia kuna darasa la michezo kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba ambalo halina kikombe, halina wa kwanza wala wa mwisho, maswali huwa ni yale yale, awe anaishi Igoma, Nyegezi au Kirumba. Nimeyajibu hapa moja baada ya jingine.

Darasa la namna hiyo likoje?

Ni kikundi kidogo cha watoto, mwalimu mmoja au wawili, na muda wa nusu saa hivi au zaidi kidogo. Mwalimu anachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya baraza, watoto wanaupita mmoja mmoja wametanua mikono wasianguke. Wanaruka kwa miguu miwili kutoka tairi moja kuukuu hadi jingine, wanatambaa chini ya kamba, wanarushiana mpira wa soksi. Ngoma ikilia wanacheza, ikinyamaza wanaganda. Aliyechelewa kuganda hatolewi. Ngoma inalia tena, naye yumo.

Msidhani ni mchezo wa kubembelezana. Kila mtoto anapewa jambo gumu kidogo kuliko lile aliloliweza wiki iliyopita. Aliyepita kwenye mstari akitembea mbele, sasa anaambiwa arudi kinyumenyume. Kipimo chake ni yeye mwenyewe wa juzi. Mwenzake hahusiki.

Kushindana kuna ubaya gani? Sisi si tulikua hivyo hivyo?

Tuangalie mchezo wa viti na muziki, ule wa kwenye kila sherehe ya kuzaliwa. Watoto kumi, viti tisa. Muziki ukizimwa, nani anatoka wa kwanza? Aghalabu ni mdogo kuliko wote, au mzito, au mwenye haya, au yule asiyesikia vizuri na hatujajua bado. Anakwenda kukaa pembeni, na anabaki hapo akitazama hadi mchezo uishe. Anayezunguka viti mpaka dakika ya mwisho ni yule ambaye tayari ni mwepesi. Kwa hiyo mtoto aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye aliyeyapata kidogo kuliko wote. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika mashindano ya watoto wadogo, na ni la kiafya kabla hata hatujagusa machozi.

Mbio za ndimu na kijiko kwenye mahafali ya chekechea ni hivyo hivyo. Darasa moja lina mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba. Kwa watu wazima miezi 11 si kitu. Kwa mtoto wa miaka minne ni karibu robo ya maisha yake yote. Misuli, mizani ya mwili, hata kuelewa maelekezo, vyote vinatofautiana mno. Tunawapanga mstari mmoja, tunapuliza filimbi, halafu tunampigia makofi aliyezaliwa mapema.

Kuna na upande wa akili. Mtoto mdogo bado hajaweza kutenganisha juhudi na uwezo kama sisi. Mtu mzima akishindwa anaweza kusema, "Leo sikujiandaa." Wa miaka mitano anachobeba nyumbani ni, "Mimi sijui kukimbia." Akishalibeba hilo, siku ya michezo tumbo linamuuma, na kila anapokwepa anazidi kubaki nyuma ya wenzake.

Dawa yake si ngumu. Katika mchezo ule wa viti, ondoa viti, usiondoe watoto. Vinabaki vinane, sita, vitatu, na watoto wote kumi lazima wapate pa kukaa. Mwishowe wamebanana, wengine wamepakatana, mmoja ameshikiliwa mkono asidondoke, na hakuna aliyekuwa mtazamaji hata mara moja.

Mwili unafaidika nini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 awe katika harakati za aina mbalimbali kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku, na katika hizo angalau 60 ziwe za kumtoa jasho na kumfanya ahemee juu. Asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja, na alale kwa muda wa saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kuanzia miaka 5, shirika hilo linashauri angalau dakika 60 kwa siku, kwa wastani, za mazoezi ya nguvu ya kati au zaidi.

Kuruka na kutua huimarisha mifupa. Kukimbia hufunza moyo na mapafu. Kurusha na kudaka huunganisha jicho na mkono, na mkono huohuo ndio utakaoshika penseli. Kuganda ngoma inaponyamaza kunamfundisha kuuzuia mwili wake unapotaka kwenda, na mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atakwambia thamani ya mtoto anayeweza kujizuia. Na jioni analala bila vita.

Wangu anacheza mtaani kutwa nzima. Bado anahitaji darasa?

Huenda hahitaji. Mtoto wa Mabatini au Igogo anayepanda na kushuka mawe kwenda kwa bibi yake anafanya mazoezi ya mizani ambayo mwalimu angeyatafutia vifaa. Akicheza rede, akiruka kamba na kujificha kombolela na wenzake, dakika zake zinatimia.

Ninayemwonea huruma ni yule wa nyumba yenye geti, anayebaki na dada na katuni kuanzia asubuhi, au anayeshinda kwenye kituo cha kulelea watoto chenye chumba kimoja na kiwanja kilichojengwa duka. Wapo pia wanaoishi kando ya barabara yenye bodaboda nyingi, ambao mama zao wana haki kabisa ya kuwafungia ndani. Kwa hao, hata vipindi viwili kwa wiki vinasaidia, ingawa haviwezi kuchukua nafasi ya harakati za kila siku.

Dunia ni ya mashindano. Hatakuwa legelege?

Anayeuliza hivi huku kwetu ana hoja. Usukuma ni nchi ya mashindano ya ngoma kati ya makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, na kila Juni watu hufurika Bujora kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo kuona nani atavuta umati mkubwa. Lakini tazama anayeingia uwanjani pale: ni mtu aliyekwisha kuujua mwili wake na ngoma yake. Kwanza alijifunza, ndipo akashindana.

Norway, nchi inayotoa mabingwa wengi wa michezo ya theluji kwa idadi ndogo ya watu, ina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987. Kwa kanuni hizo watoto wadogo hushiriki mashindano ya karibu na nyumbani tu, na orodha za matokeo na misimamo haziruhusiwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11. Ulegelege hauonekani.

Mtoto mwenyewe akianza kusema, "Tushindane mpaka pale!" mwacheni. Huo ni mchezo wake, na kesho ameusahau. Tatizo ni mashindano tunayoyapanga sisi wakubwa, tukakaa kwenye viti na kamera zetu.

Mtoto wangu ana sikoseli. Ashiriki?

Swali hili ni zito huku, maana Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye watoto wengi wenye sikoseli. Muulize kwanza daktari wake wa kliniki. Wengi huruhusiwa michezo ya kiasi, kwa masharti: maji mara kwa mara, kupumzika mapema kabla hajachoka sana, asichezeshwe kwenye jua kali la mchana wala kuachwa na nguo zilizolowa akapata baridi. Uchovu uliokithiri, upungufu wa maji na baridi vinaweza kuamsha maumivu.

Hapa ndipo darasa lisilo na mshindi linapozidi mbio. Kwenye mbio mtoto huficha uchovu ili asiwe wa mwisho. Kwenye darasa hili akikaa kunywa maji, hakuna alichopoteza. Mwenye pumu ni hivyo hivyo, ila inhela yake iwe mkononi mwa mwalimu, isibaki nyumbani kabatini. Mwenye ulemavu wa mguu naye anaweza kudaka mpira au kupiga ngoma ile inayowagandisha wenzake. Mwambieni mwalimu ukweli wote siku ya kwanza.

Kwa nini tusiwapeleke ufukweni? Ziwa tunalo bure.

Mchanga mkavu, sawa. Majini, hapana. Pembezoni mwa Ziwa Victoria wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi katika muda mfupi tu mtoto akisimama majini, hata kama hajaogelea. Kampeni za kugawa dawa zimelenga zaidi wa umri wa kwenda shule, hivyo mdogo anayefuatana na dada yake kufua nguo anaweza kupitwa. Ukiona damu kwenye kinyesi au tumbo linavimba, nenda kituo cha afya apimwe. Hatari ya kuzama nayo ipo palepale.

Nitajuaje darasa ni zuri?

Kaa utazame kipindi kimoja. Hesabu watoto walioketi wakingoja zamu: wakiwa wengi kuliko wanaocheza, ondoka. Sikiliza mwalimu anasema nini mtoto anapoanguka. Angalia kama kuna maji safi, kivuli na choo. Sare na vifaa vya rangi visikupumbaze.

Na kama hakuna darasa karibu, au ada siiwezi?

Majirani watatu wanatosha. Uwanja wa kanisa au msikiti, jioni jua likishapungua, matairi mawili, kamba ya katani, chupa za plastiki zilizojazwa mchanga za kuzungukwa, na dumu tupu la kupiga kama ngoma. Mzazi mmoja aongoze, wengine waangalie barabara. Mchezo wa nyama nyama, ambao mmoja anataja wanyama na wengine wanaruka akitaja anayeliwa, unafaa sana: anayeruka kwa mnyama asiyeliwa anachekwa kidogo, halafu anakuwa yeye wa kutaja majina, badala ya kutolewa.

Lini nimwone mtaalamu?

Mtoto ambaye hajatembea mwenyewe alipofikisha miezi 18, anayeanguka kuliko wenzake wote wa rika lake, anayechoka haraka mpaka midomo inabadilika rangi, au aliyekuwa anaweza jambo na sasa haliwezi tena, apelekwe kliniki bila kungoja. Nenda na kadi yake.