Mpaka katika mapenzi: ni nini, na si nini

Kijana anayeanza kupenda huambiwa "weka mipaka", lakini ni nadra kuelezwa mpaka wenyewe ni kitu gani. Wengi hudhani ni orodha ya makatazo ya kumpa mpenzi. Sivyo. Mpaka ni kauli inayosema ni kipi hutakubali kufanyiwa, na wewe utachukua hatua gani kikitokea.

Njia rahisi ya kuupima ni kuuliza: nani anatakiwa kutenda? "Ukinitukana nitakata simu, tutaongea kesho." Mtendaji ni mimi, kwa hiyo huo ni mpaka. "Usiongee na wavulana wengine." Hapo mwenzangu ndiye anayepangiwa maisha, hilo ni sharti, hata likipewa jina zuri. Vijana hukwama hapa kwa sababu kuchungwa hufanana sana na kupendwa. Kuulizwa uko wapi kila nusu saa, kudaiwa neno la siri la simu, kuchaguliwa marafiki: mwanzoni huonekana kama kujaliwa, na hata kupendeza. Baadaye mtu hujikuta anatoa taarifa tu, mazungumzo hakuna.

Kwenye mwili huongezeka suala la ridhaa. Aliyekubali kukumbatiwa hajakubali kubusiwa, aliyekubali jana hajakubali leo, na anaweza kughairi katikati. Kimya si ndiyo. "Haya basi" ya mtu aliyebembelezwa mara 10 nayo si ndiyo. Kati ya mtu mzima na mtoto, ridhaa haipo kabisa.

Mpaka husemwa wakati nyote mmetulia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia papara na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hivyo ugomvi ukishawaka si saa ya kupanga jambo. Sentensi 2 zinatosha: "Baada ya saa 4 usiku sijibu ujumbe. Nitajibu asubuhi." Ukiongeza maelezo marefu, inakuwa kama unaomba ruhusa.

Kinachoharibu zaidi ni hatua isiyotekelezwa. Ukitishia mara 3 bila kufanya lolote, mwenzako hujifunza kusubiri hasira yako ipoe. "Niheshimu" pekee haisaidii, maana kila mtu ana heshima yake kichwani. Kununa siku mbili ukitegemea aelewe mwenyewe? Huenda hata hajui kosa lake.

Mpenzi mwema anaweza kuudhika akiusikia mpaka mara ya kwanza, na hilo ni la kawaida; tazama anachofanya wiki inayofuata. Akikudhihaki, akikulipizia, akitishia kujidhuru ukimwacha au akikuinulia mkono, usibaki unatafuta maneno mazuri zaidi ya kumwelezea. Mwambie mtu mzima unayemwamini kwanza. Ukiamua kuachana naye, si lazima mkutane ana kwa ana, na usiende peke yako mahali pasipo na watu.