Kupunguza Kilo 40 Polepole: Hesabu, Njaa na Mizani

Mtu mwenye kilo 40 za kupunguza anapoketi mbele yangu kwa mara ya kwanza, kabla hatujagusia chakula hata kidogo, huniuliza itamchukua muda gani. Ni swali la haki, nami hulijibu bila kuzungukazunguka: mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwa wengine zaidi ya hapo. Wapo wanaonyamaza kwa muda. Wapo wanaonitajia jamaa yao aliyezipunguza kilo hizo kwa miezi minne. Makala haya ni jibu refu la swali hilo, kwa sababu muda wa miadi moja hautoshi kueleza kwa nini ninataja miaka badala ya miezi, na kwa nini mimi, kama mtaalamu wa lishe, siioni tena miaka hiyo kuwa mingi.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya nishati inayokaribia kalori 7,700. Anayekula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 500 kila siku huchota kalori 3,500 kwa wiki, yaani chini kidogo ya nusu kilo ya mafuta. Kwa mwendo huo, kilo 40 zinahitaji wiki 88, na hapo tumechukulia kwamba hakuna siku hata moja itakayoharibika. Siku zitaharibika, kwa kuwa watu huugua, hufiwa, husafiri na hualikwa. Isitoshe, hesabu hii ina kasoro kubwa nitakayoieleza mbele, kwani inauchukulia mwili kama ghala lisilotambua kwamba mali inatoka.

Kinachowachanganya wengi ni wiki ya kwanza, ambapo mizani inaweza kushuka kilo 2 au hata 3. Ini na misuli huhifadhi wanga katika umbo liitwalo glaikojeni, kiasi cha nusu kilo hivi, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu anapopunguza chakula ghafla, akiba hiyo huanza kutumika na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo, huku mafuta yakiwa yameguswa kidogo tu. Baada ya hapo mizani hutulia, naye hudhani mpango umekwama. Nimeona watu wakiuacha mpango mzuri katika wiki ya tatu kwa sababu tu walikuwa wakilinganisha mafuta ya wiki ya tatu na maji ya wiki ya kwanza.

Mada hii ikizungumzwa, methali ya haraka haraka haina baraka hutajwa upesi, lakini ushahidi hauiungi mkono moja kwa moja kama tunavyopenda. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti wa watu 204 wenye unene uliokithiri, waliogawanywa katika makundi mawili: moja lilipunguza uzito kwa wiki 12, jingine kwa wiki 36. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitatu zaidi, waliofanikiwa katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha karibu asilimia 71 ya kilo walizopunguza. Nako Uingereza, mwaka 2017, utafiti wa DiRECT ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliowekwa kwenye mlo wa kimiminika wa kalori zisizozidi 900 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano na chini ya uangalizi wa kliniki, walikuwa hawana tena viwango vya kisukari baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kasi yenyewe ni kosa, wala kwamba anayekwenda polepole amekingwa na kurudi alikotoka.

Ninachosema ni kwamba uzito mwingi hurudi baada ya mpango kwisha, na kinachoamua ni chakula anachokula mtu siku ile ambayo hakuna tena anayemsimamia. Mwendo wa polepole una thamani kwa sababu unampa nafasi ya kujizoeza chakula hicho angali njiani. Kuna na sababu za kitabibu: anayeshuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, huongeza hatari ya kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo, na anayejinyima kupita kiasi bila protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Sasa ile kasoro ya hesabu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walitangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotolewa na mafuta yenyewe kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yanapopungua, leptini hushuka, na ubongo hulichukulia jambo hilo kama dalili ya njaa inayokuja. Utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na wenyewe walikuwa bado wanasikia njaa kuliko mwanzo. Kevin Hall na wenzake nchini Marekani wamekadiria kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya nishati ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Mtu husukumwa na njaa zaidi ya anavyorudishwa nyuma na mwili kutumia nishati kidogo.

Naomba tuichambue hesabu hiyo kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo kiini cha kazi yangu. Aliyepunguza kilo 20 ana mwili unaotumia kalori 400 hadi 600 pungufu kwa siku kuliko alipoanza. Ikiwa alianza kwa kupunguza kalori 500, basi mlo uleule uliokuwa wa kupunguza uzito umekwisha kuwa mlo wa kubaki alipo. Mizani inasimama, naye anadhani amekosea mahali, wakati kwa kweli amefika pale ambapo mlo wake ulikuwa unampeleka tangu siku ya kwanza. Maana yake ni kwamba chakula anachokula sasa ndicho atakachohitaji kuendelea nacho ili abaki pale. Ikiwa hawezi kuishi nacho miaka mitano, hakuwa na haja ya kushuka hadi hapo kwa njia hiyo.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na karatasi iliyochapwa ya mlo wa kalori 1,200, nami nilimpa karibu kila aliyekuja. Nilimpa pia fundi ujenzi mmoja aliyekuwa na kilo 150, mtu wa kubeba na kupanda ngazi siku nzima. Alirudi baada ya wiki chache akiwa amepungua kilo 9, nami nikampongeza. Yeye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku huota chakula na mchana mikono inamtetemeka akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Nikamwambia avumilie. Sikumwona tena hadi miaka miwili ilipopita, akiwa na kilo 158, akiniomba radhi kwa kuniangusha. Ningepaswa kumwomba radhi mimi. Mwaka 1944 hadi 1945 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa wiki 24, wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kuwaza chakula mchana na usiku, wakawa wepesi wa hasira na wenye kuhisi baridi wakati wote. Hao hawakuwa watu dhaifu wa nia, na fundi yule hakuwa dhaifu pia.

Siku hizi wiki ya kwanza sibadilishi chochote. Mgonjwa huandika anachokula, saa na hali aliyokuwa nayo, kisha tunatafuta pamoja mahali ambapo kupunguza kutamuuma kidogo zaidi. Mara nyingi tunaanzia kwenye vinywaji vyenye sukari, kwa sababu kalori zinazonywewa hazishibishi kama zinazotafunwa. Kisha tunahakikisha kila mlo una protini ya kutosha. Kwa anayepunguza uzito mkubwa ninalenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito anaoukusudia, si ule alio nao. Mboga na vyakula vyenye nyuzinyuzi vinachukua nusu ya sahani, kwa kuwa hujaza tumbo kwa kalori chache. Sipigi marufuku chakula chochote. Chakula kilichopigwa marufuku kwa miezi sita huliwa kwa pupa mwezi wa saba, na aibu inayofuata huharibu zaidi kuliko chakula chenyewe.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia, lakini yana kazi kubwa ya kuulinda uzito uliokwisha kupungua, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki husaidia misuli isipotee. Mwenye kilo 140 simwambii akimbie. Anatembea dakika 10, kesho tena 10, hadi magoti yazoee. Utafiti kuhusu wenye maumivu ya magoti umeonyesha kwamba kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua, ndiyo maana aliyepunguza kilo 10 huniambia ngazi zilezile zimekuwa fupi. Usingizi nao nauulizia kila mara, kwani asiyelala vya kutosha huamka na njaa ambayo nia njema haiishindi.

Kuhusu mizani, ninapendekeza kupima kila asubuhi baada ya kujisaidia, kisha kuutazama wastani wa siku saba, si namba ya siku moja. Chumvi ya jana, hedhi au tumbo kufunga vinaweza kuupandisha uzito kilo moja au mbili bila gramu hata moja ya mafuta kuongezeka. Nina mama mmoja, sasa ana miaka 51, aliyekuwa akivua viatu, saa na hereni kabla ya kupanda mizani yangu, huku amefumba macho. Nilimpa daftari la mistari lenye safu mbili, moja ya namba ya siku na moja ya wastani wa wiki, nikamwomba safu ya kwanza aiandike kwa penseli na ya pili kwa kalamu. Baada ya miezi mitatu aliacha kuvua hereni. Wale waliowahi kuwa na maradhi ya kula, kama vile kujitapisha au kujinyima kupindukia, siwapi daftari hilo kabisa. Kwao mizani ni sumu.

Kila anapofikia pungufu ya asilimia 10 ya uzito wa mwanzo, tunasimama kwa mwezi mmoja au miwili. Sidai kwamba kusimama huko kunaubadilisha mwili. Ninataka ajue kwa vitendo jinsi ya kutopanda, jambo ambalo mlo wa kupunguza haumfundishi. Nchini Marekani kuna rejista iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, inayowafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima mara kwa mara, huushughulisha mwili kwa takriban saa moja kwa siku, na hula siku za mapumziko karibu sawa na siku za kazi. Nawakumbusha wagonjwa wangu kwamba tabia hizo ni za watu waliokwisha kupunguza.

Nafuu haisubiri kilo zote 40. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata ugonjwa huo ilishuka kwa asilimia 58. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari au dawa za shinikizo la damu anapaswa kumwona daktari wake mapema na mara kwa mara, kwa kuwa dozi iliyomfaa kabla ya kupungua inaweza kumshusha sukari au shinikizo kupita kiasi. Asizipunguze mwenyewe.

Dawa mpya za sindano na upasuaji wa tumbo ni tiba halali, na sitaki mtu aone haya kuzitumia. Hata hivyo, waliotumia semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, kwenye utafiti kisha wakaiacha walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka mmoja. Ni kanuni ileile: kilichoushusha uzito kinapoondolewa, mwili hurudi ulikokuwa.

Mama wa daftari alianza na kilo 138. Ilimchukua miezi 26 kufika 97, vituo vyote vikiwemo, na sasa ana mwaka wa pili akiwa hapohapo. Mwezi uliopita alinifungulia ukurasa ambao wastani ulikuwa umepanda kilo moja na nusu baada ya wiki mbili za kumuuguza mtoto wake. Kabla sijauliza, alinionyesha wiki iliyofuata: chakula cha siku zote, matembezi ya jioni, hakuna siku aliyokaa na njaa. Wastani ulikuwa umeanza kushuka. Nikamwandikia miadi ya miezi sita, akaomba daftari jipya, kwani lile lilikuwa limebakiza kurasa nne.