Aref Qazvini: yanayosemwa juu yake na yaliyo kweli

Ukifuatilia nyimbo za zamani za Iran, haichukui muda kulikuta jina la Aref Qazvini. Alizaliwa Qazvin, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Tehran, mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafariki Hamadan Januari 1934. Katika umri wake Iran ilipata katiba na bunge, bunge likapigwa mizinga, majeshi ya kigeni yakaingia, na ukoo wa Qajar uliokuwa ukitawala ukaondolewa. Aref aliyaimba karibu yote hayo. Amezushiwa mengi pia, mengine ya kumpandisha na mengine ya kumshusha. Mimi nampenda sana mtunzi huyu, na sitaki apewe sifa ya mtu mwingine wala anyimwe iliyo yake.

Dhana: Mshairi wa Kiajemi ni sufi, na mashairi yake ni mvinyo, waridi na chiriku wa kiroho

Picha hii imetokana na Rumi na Hafez, washairi wa kale wa Kiajemi ambao ndio waliotufikia zaidi kupitia tafsiri. Aref aliwajua vizuri, na ghazali zake zimejaa maua na ndege wale wale. Ila yeye aliyapeleka kwenye mambo ya nchi. Wimbo wake mashuhuri kuliko yote unaanza hivi: *kwa damu ya vijana wa nchi tulipu zimechipua, kwa msiba wa vimo vyao mberoshi umeinama*. Tulipu nyekundu na mberoshi vilikuwa vimetumika kwa karne nyingi kumsifia mpenzi. Hapa ni makaburi ya watu waliokufa wakidai katiba, watu ambao wasikilizaji wake waliwafahamu kwa majina. Aliutunga katika kipindi cha Bunge la pili, lililofunguliwa mwaka 1909 baada ya wanakatiba kuiteka Tehran na kumng'oa Mohammad Ali Shah, mfalme aliyelipiga Bunge la kwanza mizinga mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo anayedai kwamba wimbo huu ulitungwa wakati wa mapinduzi ya 1979 amekosea kwa takriban miaka 70.

Dhana: Alikuwa mwandishi wa maneno tu, wengine ndio waliotia muziki na kuimba

Kosa hili linaeleweka. Wapenzi wa taarab tumezoea kwamba mtunzi wa shairi ni mmoja, mtia muziki mwingine, na mwimbaji wa tatu. Aref alizifanya kazi zote tatu. Maneno yalikuwa yake, mahadhi yake, na sauti iliyouzindua wimbo jukwaani ilikuwa yake mwenyewe. Aliimba pamoja na wapigaji wakubwa wa zama zake, akiwemo Darvish Khan, fundi wa tar, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mbao lililowambwa ngozi.

Sauti hiyo ilifunzwa kwa lengo lingine kabisa. Baba yake, Mulla Hadi, alitaka mwanawe awe msomaji wa maombolezo ya Imam Hussein, na kijana akavishwa kilemba akasomee kazi hiyo. Waliowahi kukaa katika majlisi ya Muharram, iwe Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, wanajua msomaji mzuri anavyoweza kuwashika watu kwa sauti peke yake, bila ala yoyote, mpaka ukumbi mzima unalia. Kilemba alikivua. Ufundi ule hakuuacha, na nadhani ndio siri ya nyimbo zake. Huo wa tulipu umo katika Dashti, mojawapo ya njia za mahadhi ya Kiirani, njia yenye huzuni nyingi. Ubeti unamwaga habari ya msiba, kisha kiitikio kinaigeukia mbingu na kuilaumu: *mwendo wako umepinda namna gani, ewe falaki!* Hata asiyejua Kiajemi akisikiliza atagundua pale sauti inapoacha kusimulia na kuanza kushitaki.

Mfano mwingine. Mwaka 1911 Bunge lilimwajiri Mmarekani, Morgan Shuster, asimamie hazina ya nchi. Alipoanza kukusanya kodi bila kumwogopa mtu, Urusi ikatoa amri ya mwisho kwamba afukuzwe. Bunge likakataa, likafungwa Desemba mwaka huo huo, na Januari 1912 Shuster akaondoka. Aref akatunga wimbo unaosema aibu ni ya nyumba ambayo mgeni anaondoka akiwa bado mezani. Tazama alivyoliweka jambo: suala la bajeti na ubabe wa dola kubwa limekuwa suala la heshima ya mwenye nyumba, kitu ambacho hata muuza mboga sokoni angekiona mara moja. Gazeti lilihitaji msomaji, na wasomaji walikuwa wachache. Wimbo ulihitaji sikio tu.

Dhana: Yeye ndiye aliyeanzisha tasnif

Tasnif ni wimbo wenye maneno na mdundo maalumu, na ulikuwepo kabla yake. Ali Akbar Shayda, aliyefariki mwaka 1906, ndiye aliyeupa hadhi mpya, na Aref mwenyewe alikiri jambo hilo waziwazi. Alichojivunia ni kingine. Aliandika kwamba alitunga nyimbo za nchi wakati ambapo katika Wairani elfu kumi hakuwepo hata mmoja aliyejua nchi ni nini, na watu walidhani ni mji au kijiji ambacho mtu amezaliwa. Hesabu hiyo ni ya majivuno. Hata hivyo, dai lenyewe lina uzito: mtu wa Qazvin na mtu wa Shiraz walianza kulia kwa wimbo mmoja.

Dhana: Hakuimba kitu ila siasa

Aliimba mapenzi pia, tena bila kificho. Mabinti wawili wa mfalme Naser al-Din Shah, Eftekhar al-Saltaneh na Taj al-Saltaneh, wametajwa ndani ya nyimbo zake. Kabla ya hapo, akiwa kijana Qazvin, alioa kwa siri, familia ya mke ikamsonga mpaka ndoa ikavunjika. Hakuoa tena.

Na kuna wanaomjua kwa matusi tu, kupitia *Arefnameh*, utenzi mrefu wa kejeli ulioandikwa mwaka 1921 na Iraj Mirza, mshairi wa ukoo wa Qajar. Aref alikuwa Mashhad wakati huo na katika tamasha lake aliwashambulia wafalme wa ukoo huo. Iraj akajibu kwa kalamu iliyokuwa kali kweli. Ni kazi ya fundi, ila anayeitumia kama wasifu wa Aref anasoma maneno ya hasimu aliyeudhika. Mwaka huo huo, Oktoba, Kanali Mohammad Taqi Khan Pessian, afisa aliyeiasi serikali huko Khorasan na ambaye Aref alimtumainia sana, aliuawa. Aref akamwombolezea: *lia, ingawa hata ukilia mafuriko ya damu hayatazaa tunda*. Huyo ndiye mtu wa 1921 ninayemfahamu mimi.

Dhana: Alimpinga kila mtawala hadi mwisho

Wapenzi wake hawapendi kuguswa hapa, lakini ukweli ni huu. Mwaka 1924, Reza Khan, wakati huo waziri mkuu, alipotaka Iran iwe jamhuri, Aref alikuwa upande wake, akafanya tamasha na kuiimbia jamhuri. Mshairi mwenzake, Mirzadeh Eshqi, aliipinga kwa maandishi makali, akauawa kwa risasi Julai mwaka huo. Jamhuri haikuja. Mwishoni mwa 1925 Reza Khan akawa mfalme. Mtu aliyechoshwa na ukoo wa Qajar maisha yake yote angeweza kuvutwa na ahadi ile, na hakuwa peke yake. Tusimsafishe kwa kuuficha ukurasa huu.

Dhana: Umaarufu ulimtajirisha

Inasimuliwa kwamba Mozaffar al-Din Shah aliipenda sauti yake akataka kumpa kazi ndani ya jumba la kifalme, naye akakwepa. Miaka yake ya mwisho aliishi Hamadan, maskini, mgonjwa, mwenye madeni. Mwaka 1931 Qamar-ol-Moluk Vaziri, mwanamke mwenye sauti iliyopendwa kuliko zote Iran wakati huo, alifanya tamasha Hamadan kwa heshima yake. Gavana akamtunza Qamar vyombo vya fedha. Qamar akavichukua pale pale mbele ya gavana na kumpa Aref. Nimesoma mengi juu ya wanamuziki hawa wawili, na sijaona tendo linalonigusa kuliko hilo. Aref alizikwa katika uwanja wa kaburi la Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa.

Dhana: "Morgh-e Sahar" ni wimbo wake

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Wimbo wa ndege wa alfajiri anayeombwa alie mpaka kizimba kivunjike unafanana na kazi ya Aref kwa roho, kwa hiyo watu humpachika. Maneno ni ya Mohammad-Taqi Bahar (1886–1951), mshairi kutoka Mashhad aliyewahi pia kuwa mbunge. Muziki ni wa Morteza Neydavoud, mpiga tar Myahudi wa Kiirani, na wimbo ulitiwa kwenye santuri miaka ya 1920. Mohammad-Reza Shajarian aliufanya kuwa wimbo wa kufungia matamasha yake, na alipofariki Oktoba 2020 watu waliokusanyika nje ya hospitali Tehran waliuimba. Anayetaka kumsikia Aref mwenyewe atafute "Az khun-e javanan-e vatan", ndio ule wa tulipu, na asikilize zaidi ya mwimbaji mmoja.