Vijana wa Kihadzabe na ndoa: yanayosemwa na yaliyopo

"Binti wa Kihadzabe huozwa akingali mtoto, wazee ndio huamua." Hapa watu wanawachanganya Wahadzabe na majirani zao wafugaji. Wawindaji hawa wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu elfu moja na ushee tu, hawafugi ng'ombe, kwa hiyo hakuna baba anayesubiri zizi lijae. Msichana huolewa mara nyingi akiwa na miaka 17 au 18, mvulana ana kama 20, na kwa kawaida wamependana wenyewe. Wazazi wanaweza kununa, lakini neno la mwisho ni la hao wawili.

"Hakuna mahari, basi mke ni wa bure." Bure gani? Mara nyingi kijana huhamia kambi ya kina mke, na mama mkwe anamwangalia mikononi. Akirudi jioni na asali aliyoipakua juu ya mbuyu, au paja la swala, fungu moja linaelekea kwenye moto wa mama mkwe. Leo, kesho, mwakani. Ng'ombe wa mahari wana siku ya kumalizika; deni hili halina.

"Hawaoani, wanaishi tu." Kweli, hakuna shehe, padri wala cheti. Wawili wakianza kulala kibanda kimoja cha nyasi (mke ndiye hukijenga), kambi nzima inawahesabu mume na mke. Mume akitoweka muda mrefu, ndoa imekwisha. Kabla hujacheka, soma kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: waliokaa pamoja miaka 2 na kutambulika kama mume na mke, mahakama huwadhania wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

"Ni mila yao, sheria haiwahusu." Inawahusu. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu ikaona mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, wa miaka 17 ni mtoto, hata akijichagulia mume, na sioni kwa nini binti wa Eyasi apewe ulinzi pungufu kuliko wa Dodoma. Ila hapa hakuna baba wa kushtakiwa kwa kupokea ng'ombe, wala harusi ya kuzuia. Kuna wawili waliohamia kibanda kimoja usiku.