Je, Wajua Simu ya Redio Humpataje Mwenyewe?

Mtu ameshika redio ndogo ya mkononi. Anabonyeza tarakimu nne, anasubiri kidogo, kisha anasalimiana na mwenzake aliye bara jingine. Redio ile kwa nguvu zake yenyewe haifiki mbali, pengine haivuki hata mlima ulio mbele yake. Basi sauti imefikaje huko, na nani aliyeionyesha mlango wa kubisha?

Wenye mchezo huu ni wanaredio wa ridhaa: watu waliofanya mtihani, wakapata leseni na alama ya mwito. Alama hiyo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao mtu mwingine hana duniani kote. Hawaruhusiwi kulipwa kwa kurusha mawasiliano, na kwa jumla hawaruhusiwi kuyafumba kwa maandishi ya siri. Anayetaka kusikiliza na asikilize.

Mwaka 1981, intaneti ikiwa bado kazi ya watafiti wachache, Hank Magnuski wa Marekani, mwenye alama KA6M, aliwaombea wenzake fungu la anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti. Jon Postel, aliyekuwa akitunza daftari la namba hizo, akawatengea anwani zote zinazoanza na 44. Zilikuwa 16,777,216. Ukarimu huo leo unashangaza, lakini wakati ule anwani zilionekana kama maji ya bahari.

Sauti haikuwa katika hesabu. Pakiti za redio, yaani vipande vya data, siku zile zilikwenda kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde, ilhali sauti ya simu ya kidijiti, isipobanwa, huhitaji biti 64,000. Zilipita barua na mafaili, tena kwa subira.

Njia ya sauti ilifunguka kwa werevu mwingine. Mwaka 1997 David Cameron wa Kanada alianzisha IRLP, mradi wa kuunganisha vituo vya redio kwa intaneti. Humo sauti husafiri hewani kama kawaida mpaka kituo cha jirani. Kompyuta ya kituo huikatakata kuwa pakiti na kuzipitisha kwenye intaneti, na kituo cha upande wa pili huzikusanya na kuirudisha sauti hewani. Zile tarakimu nne ni namba ya kituo unachokitaka. Kompyuta huzisikia kama milio, halafu hutafuta namba hiyo ina anwani gani ya IP. Mwaka 2002 Jonathan Taylor akaleta EchoLink, programu ambayo mwenye leseni huweza kuitumia kwenye kompyuta hata kama hana redio mkononi. Jim Dixon naye alichukua Asterisk, programu inayoendesha mitambo ya simu za maofisini, akaifundisha kuendesha vituo vya redio. Huko ndiko ulikotoka mtandao wa AllStarLink.

Sasa tuje kwenye tatizo lililowatoa jasho wengi. Nyumba nyingi zina anwani moja tu ya intaneti, na vifaa vyote vya ndani hujificha nyuma ya ruta, kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti. Kusoma kurasa hivyo hakuna shida, kwa sababu wewe ndiye unayeanza kuuliza na ruta hukumbuka jibu ni la nani. Simu ni kinyume chake. Mgeni ndiye anayebisha, na ruta haijui amekuja kwa nani. Ubaya zaidi ni kwamba simu ya intaneti, inapojitambulisha, huandika ndani ya ujumbe wake: “nitumie sauti kwenye anwani hii.” Anwani inayoiandika ni ile ya ndani ya nyumba, ambayo nje haina maana yoyote. Matokeo yake simu inaita, inapokelewa, mmoja anasema “haloo, haloo”, na mwenzake anasikia kimya kitupu.

Hapo fungu la 44 linaonyesha thamani yake. Kituo chenye anwani yake halisi hakihitaji kujificha. Anayekipigia anakifikia moja kwa moja, na anwani kilichoitaja ndiyo hiyo hiyo inayojulikana nje. Alama ya mwito huweza pia kuwa jina la intaneti: huandikwa ikifuatwa na ampr.org, na jina hilo huelekeza kwenye anwani ya mwenyewe. Kwa miaka mingi lango la mtandao wa anwani hizi za 44 lilikuwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, chini ya uangalizi wa Brian Kantor. Pakiti ya wanaredio hutiwa ndani ya pakiti ya kawaida, kama barua ndani ya bahasha ya pili, na kufunguliwa inakokwenda.

Mwaka 2019 robo ya fungu hilo, anwani 4,194,304, iliuzwa kwa Amazon kwa zaidi ya dola milioni 100. Fedha ziliwekwa na ARDC, shirika linalosimamia fungu hilo, ili kufadhili miradi ya redio na elimu. Walionung’unika kwamba hawakuulizwa walikuwa na haki ya kunung’unika. Hata hivyo, naona robo ile ilikuwa imelala, na waliobaki bado wana anwani zaidi ya milioni 12.

Wapo wasioihitaji intaneti kabisa. Katika mitandao ya AREDN, ambayo wanaredio huijenga wenyewe, ruta za Wi-Fi hubadilishiwa programu, huwekwa juu ya minara na paa, na kuonana kwa antena. Kila moja hujipangia anwani inayoanza na 10, iliyotokana na namba ya kiwandani ya kifaa chenyewe, na ruta hizo hutafutiana njia zenyewe. Kasi hapo inatosha sauti na zaidi. Ukichomeka simu ya mezani ya intaneti, baadhi hukubali upige anwani yenyewe ya IP, ukibonyeza nyota kila penye nukta. Waya wa mtandao ukikatika mjini, simu ya upande wa pili itaita tu.