Kumlinda mwanafunzi wa LGBT shuleni: maana yake ni nini hasa

Kumlinda mwanafunzi wa LGBT ni wajibu wa shule kuhakikisha kwamba hapigwi, hatukanwi, hatengwi wala hanyimwi haki yake kwa sababu ya anayempenda au jinsi anavyojitambua kijinsia. Herufi hizo zinawakusanya wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, wanaovutiwa na jinsia zote mbili, na wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Ulinzi huo unamhusu pia anayedhaniwa tu kuwa hivyo. Mvulana mwenye sauti nyembamba au msichana asiyependa sketi anaweza kuonewa miaka mizima bila mtu kujua lolote kuhusu moyo wake. Ndiyo maana hakuna mtoto anayepaswa kuulizwa “kwani wewe ni mmoja wao?” kabla malalamiko yake hayajapokelewa.

Ndani ya dhana hii yamo mambo mawili ambayo huchanganywa. Unyanyasaji ni yale anayotendewa mtoto: matusi, kusukumwa, kushikwashikwa, picha za kumdhalilisha zinazosambazwa kwenye simu. Mara nyingi hutoka kwa wanafunzi wenzake. Ubaguzi hutoka kwa mwenye mamlaka: kumfukuza, kumkatalia nafasi kwenye timu, au kumnyima ulinzi ambao wengine wanapewa. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na kwangu ndilo kiini cha jambo lote. Mwalimu asiyempiga mtoto hata kofi anaweza kumbagua kwa kunyamaza tu.

Kesi iliyoliweka hili wazi ni ya Jamie Nabozny, wa mji wa Ashland, jimbo la Wisconsin, Marekani. Wenzake walimwonea kwa miaka kadhaa kwa sababu alikuwa shoga. Walimkojolea, wakampiga mateke ya tumbo hadi akafanyiwa upasuaji. Yeye na wazazi wake walilalamika tena na tena kwa viongozi wa shule, wakajibiwa kwamba wavulana ndivyo walivyo, na kwamba kijana anayejionyesha hivyo ategemee mambo kama hayo. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliruhusu kesi yake iendelee kwa msingi wa haki ya ulinzi sawa iliyomo kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba ya nchi hiyo. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza: shule ilikuwa na kawaida ya kuwaadhibu wavulana waliowapiga wasichana, ila alipopigwa yeye haikuchukua hatua ya maana. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama (raia walioteuliwa kuamua kesi) liliona viongozi wa shule wanawajibika, na shauri likamalizwa kwa fidia ya zaidi ya dola 900,000.

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la msichana wa shule ya msingi aliyesumbuliwa kingono na mwanafunzi mwenzake, ilieleza ni lini shule inayopokea fedha za serikali kuu hudaiwa fidia: iwe inajua, unyanyasaji uwe mkali na wa kuendelea kiasi cha kumharibia mtoto masomo, na shule iwe imeupuuza waziwazi. Hicho ni kizingiti kirefu mno. Kinafaa kwa mahakama inayogawa fidia, hakifai kuwa kipimo cha mwalimu. Shule inayosubiri mambo yafike huko ndipo iamke imekwisha kumwacha mtoto.

Sheria zenyewe zinaweza kumjenga mtoto au kumbomoa. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga marufuku ubaguzi kwa sababu ya mvuto wa kimapenzi katika shule za umma mwaka 1993. Uingereza, kinyume chake, mwaka 1988 ilizikataza mamlaka za mitaa “kuhamasisha” mapenzi ya jinsia moja, na walimu wengi wakaogopa hata kuligusa jambo lenyewe. Katazo hilo lilifutwa Scotland mwaka 2000, na England na Wales mwaka 2003. Leo Sheria ya Usawa ya 2010 inazizuia shule za huko kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya mvuto wake wa kimapenzi au kwa kubadili jinsia.

Katika shughuli za kila siku, ulinzi huanza na kanuni za shule zinazolitaja tatizo kwa jina. Kanuni inayosema “tuheshimiane” humwachia mwalimu mwanya wa kudai kwamba matusi haya ni utani. Kisha malalamiko yaandikwe: tarehe, mahali, nani alishuhudia, shule ilifanya nini. Mzazi naye abaki na nakala yake. Na anayepaswa kuhamishwa darasa, kama kuna wa kuhamishwa, ni mwonevu. Shule nyingi humwondoa anayeonewa “kwa usalama wake”, naye hulipia kosa la wengine kwa kupoteza marafiki na masomo.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni siri. Mwanafunzi akimweleza mwalimu kwamba anatukanwa kwa sababu ni shoga, mwalimu anaweza kuwaita wazazi na kuwaambia mwanao anaonewa bila kutaja sababu. Akiitaja, huenda mtoto akapigwa au kufukuzwa nyumbani jioni hiyohiyo. Kwa hiyo mwalimu amuulize kwanza: nyumbani wanajua nini, na ungependa waambiwe nini?